Mgeni Wetu wa Julai

Jengo tunaloishi hapa Umoja Innercore halina lifti, kwa hiyo hatukuhitaji kumwambia mtu yeyote. Ngazi zilitangaza kwa niaba yetu. Mke wangu alipoanza kupumzika orofa ya pili, mkono kiunoni, kisha orofa ya tatu tena, majirani walielewa wenyewe. Haukupita muda, mama wa orofa ya pili akaweka kigoda nje ya mlango wake. "Keti kidogo, mwalimu. Nyumba yako haiendi popote." Tangu siku hiyo kigoda hakijaondolewa. Nikirudi kutoka kazini jioni huwa nasikia sauti zao nikiwa bado chini, wakizungumza mambo ya uzazi, nami hupunguza mwendo ili wamalize.

Naandika haya mwezi wa Juni, mtoto akiwa bado tumboni, na nimefanya hivyo kwa makusudi. Akishafika, maneno yote yatakuwa yake: amelala, amenyonya, amecheua, ana joto. Ndivyo inavyotakiwa. Lakini miezi hii ya kumwandalia ina furaha zake, za watu wawili, na naona hazisimuliwi inavyostahili. Muulize mzazi yeyote hapa Nairobi kuhusu mimba ya kwanza, atakusimulia kichefuchefu, gharama na usiku wa leba. Yote ni kweli, na mengine tumeyaonja. Ila sisi hatungojei furaha ianze Julai. Imeshaanza. Iko jikoni, iko sokoni, iko kwenye benchi la kliniki.

Kliniki tunakwenda pamoja kila ninapopata ruhusa. Nafanya kazi kwenye ghala moja huko Industrial Area, na msimamizi wangu, ambaye ni mama, huniachia asubuhi hizo bila maswali mengi. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito aonwe na wahudumu mara nane, si nne kama zamani, na mara ya kwanza iwe mimba haijapita wiki 12. Kwa hiyo tumelizoea lile benchi. Tumezoea pia kile kijitabu cha mama na mtoto ambacho kila mama aliyeketi pale amekishika, wengine wamekivika karatasi ya nailoni kisiharibike. Kurasa za mwanzo ni za mke wangu: uzito, presha, damu, mkojo, sindano ya pepopunda. Zinazofuata ni za mtoto, na bado ni tupu. Napenda kuzifungua tukingoja kuitwa. Kuna mahali pa kuandika chanjo ya BCG anapozaliwa, za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, ya surua akiwa na miezi 9. Kuna jedwali la uzito lenye mistari iliyopinda kuelekea juu, inayongoja vitone. Nikiangalia mistari ile najua mtoto huyu ana nafasi yake imewekwa, na kuna mtu asiyemjua bado ambaye atamngojea na mizani.

Siku moja daktari wa skani hakuwepo, na ile mashine ya kusikilizia mapigo ilikuwa chumba kingine. Nesi mmoja, mtu mzima, miwani imening'inia kifuani, akatoa kwenye droo kifaa cha mbao chenye umbo la tarumbeta. Alituambia kilibuniwa na daktari Mfaransa aitwaye Pinard mwaka 1895 na kwamba yeye hajawahi kuona sababu ya kukiacha. Alimpapasa mke wangu tumbo kwa viganja viwili hadi akapata mgongo wa mtoto, akaweka upande mpana pale, akainama, akaweka sikio upande wa pili, kisha akaachilia mikono yote. Kifaa kikabaki kimeshikwa na kichwa chake tu. Akatazama saa ya ukutani dakika nzima, midomo ikihesabu. "Mia moja na arobaini na mbili," akasema. "Tunataka kati ya 110 na 160. Baba, njoo."

Niliinama. Mwanzoni nilisikia damu ya sikio langu mwenyewe. Nesi akanisogeza kidogo upande wa kushoto, akasema niache kubana pumzi. Ndipo nikasikia, kama mtu anayetwanga kwa haraka nyumba ya mbali. Mke wangu alikuwa akinitazama usoni, nami nikainua kidole kumwonyesha kwamba nimempata. Yeye amemsikia mtoto huyu kwa mwili wake wote tangu wiki ya kumi na tisa hivi, mateke na kujigeuza. Mimi nilikuwa namsikia kwa mara ya kwanza bila mashine katikati, sikio langu na yeye. Nesi alituacha kidogo, ingawa foleni ilikuwa ndefu hadi mlangoni, na nitamshukuru kwa hilo siku zote.

Nyumbani, mabadiliko makubwa yamekuwa ya chai. Mke wangu ni mtu wa chai ya maziwa yenye tangawizi, asubuhi, saa kumi na usiku, ndivyo walivyolelewa kwao. Alipopewa vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki, aliambiwa asivimeze na chai, maana chai huzuia chuma kuingia mwilini. Avimeze na kitu chenye vitamini C. Kwa hiyo chai ya usiku imetoka, uji wa wimbi umeingia, na ndimu juu yake. Uji huo ni wangu. Unga naukoroga kwanza kwa maji baridi kwenye kikombe hadi uwe laini, ndipo naumimina kwenye maji yanayochemka, mwiko usisimame hata kidogo, la sivyo unapata madonge. Jiko letu ni dogo, watu wawili hawapishani bila kugusana. Yeye huketi mlangoni akinisimulia mambo ya darasa lake la Gredi ya 4. Wanafunzi wamemwambia mtoto akiwa mvulana awe mchezaji mpira na akiwa msichana awe rubani, na msichana mmoja akauliza kwa nini isiwe kinyume chake. Nakoroga, nasikiliza. Uji ukiwa tayari, akinywa nusu kikombe, mtoto huanza kujigeuza, naye huchukua mkono wangu wenye harufu ya ndimu na kuuweka mahali penyewe. Jioni nyingi ni hivyo tu. Sijui jioni nzuri kuliko hizo.

Kisha kulikuwa na suala la odowa. Mama mboga wetu huuza yale mawe laini ya kula, ameyapanga kwa mafungu ya shilingi kumi kumi kando ya nyanya, na miezi ya mwanzo mke wangu alikuwa akiyapita huku akimeza mate. Harufu tu, alisema, kama mvua ikigonga vumbi. Nesi alimweleza kwamba hamu ya aina hiyo mara nyingi huambatana na upungufu wa damu, na kwamba udongo unaweza kuleta minyoo na kuzidisha upungufu wenyewe. Tukakubaliana: hamu ikija, tunanunua embe bichi lililokatwakatwa, chumvi na pilipili. Msimu wa maembe ulipopita tukahamia ukwaju. Mama mboga naye akaingia kwenye mpango huo kwa moyo wote. Akimwona mwalimu anakuja, anafunika mawe kwa gunia na kumwekea mkononi fungu la managu. "Haya ndiyo chuma, mwalimu. Kapike." Huwa haombi pesa hadi mwisho wa juma.

Nguo tulizifuata Gikomba, kwenye soko la mitumba. Najua wako wanaopenda maduka ya Biashara Street, na kweli ukipita pale na mjamzito utatamani kila kitu kilichotundikwa. Lakini mtoto hukua haraka, na mishahara yetu tunaijua. Gikomba unakwenda asubuhi, Jumamosi au siku za bale kufunguliwa, kabla wenye maduka hawajachagua zao. Nguo safi zinazotoka kwanza huitwa kamera. Za mwisho kabisa, zilizochakaa, ni fagia. Kati ya kamera na fagia kuna ulimwengu mzima, na mke wangu anaujua ulimwengu huo kwa vidole.

Nilisimama na mfuko nikimwangalia. Anachukua rompa, anaigeuza ndani nje, anapitisha kidole gumba juu ya mishono ya kwapani. Anavuta shingo taratibu kuona kama mpira bado unarudi. Anafungua na kufunga kila kifungo cha kubonyeza, kuanzia shingoni hadi miguuni, kwa sababu, aliniambia, kifungo kimoja kilicholegea utakikumbuka saa tisa za usiku ukibadilisha nepi gizani. Mwisho anainusa. Nyingine anazirudisha kwa heshima, amezikunja. Tulitafuta za mikono mirefu na zenye miguu, maana Julai ya Nairobi si mchezo. Tuko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na usiku wa mwezi huo baridi hushuka hadi nyuzi 11 au 12. Kijana mwenye meza aliniuliza kama ni wa kwanza. Nikasema ndiyo. Akaingiza mkono chini ya rundo lake, akatoa soksi za sufu za rangi ya njano, ndogo kiasi kwamba nilizivisha vidole vyangu viwili. "Hongereni. Hizo ni zangu, msilipe." Soko lile limeungua mara nyingi, na watu wake wamejenga upya kila mara. Kijana yule huenda naye amewahi kuanza upya, na bado alikuwa na soksi za kumpa mtoto ambaye hajazaliwa.

Kutoka pale Pumwani si mbali, na mke wangu alitaka tupite. Yeye mwenyewe alizaliwa katika hospitali ile ya uzazi, pamoja na ndugu zake, kama walivyozaliwa watu wengi mno wa jiji hili tangu ilipoanzishwa mwaka 1926. Tulisimama upande wa pili wa barabara. Akina mama walikuwa wakitoka na vifurushi vyao, na kila kifurushi kimezungukwa na mabibi. Aliniambia pale ndipo benki ya kwanza ya maziwa ya mama nchini Kenya ilipofunguliwa mwaka 2019, kwa ajili ya watoto ambao mama zao hawawezi kuwanyonyesha, hasa wale waliozaliwa kabla ya wakati. "Nikiwa na maziwa mengi nitapeleka," akasema. Nilimwangalia akiwa na mfuko wa mitumba begani, akipanga kumlisha mtoto wa mwingine kabla wake hajafika, na nikafurahi kwamba ndiye mama wa mtoto wangu.

Najua wasomaji wengi kufikia hapa wana swali: mnanunuaje nguo kabla mtoto hajazaliwa? Wazee wetu, Ukambani kwa mke wangu na Bungoma kwetu, hawalipendi jambo hilo, na nimesikia vijana wa Nairobi wakiliita ushamba. Mimi siliiti hivyo. Mama mkwe wangu alimpoteza mtoto wake wa kwanza siku aliyomzaa. Hajawahi kunisimulia. Mke wangu ndiye aliyenisimulia, naye aliambiwa na shangazi yake: kwamba baba aliporudi nyumbani kutoka hospitali, peke yake, alikuta nguo za mtoto bado zimeanikwa kwenye kamba. Mtu aliyeipita kamba ile ana haki ya kukuambia usianike mapema.

Kwa hiyo tulipanga hivi. Nguo tutanunua, maana Julai haitatungojea. Lakini hatutazipanga kwenye kabati, hatutazipiga picha za kuweka mtandaoni, na sherehe za marafiki zitasubiri mtoto azaliwe. Zitafuliwa, zitapigwa pasi, zitakaa kwenye sanduku lililofungwa chini ya kitanda.

Kuzifua kwenyewe kulikuwa sikukuu. Maji kwetu huja kwa zamu. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini huko Murang'a, na hadi yafike bombani kwetu yamegawanywa mitaa mingi. Siku ya zamu yetu niliamka alfajiri nikajaza mitungi yote na kuipandisha, kisha tukafua kwa mkono kwenye beseni jipya, sabuni ya kipande isiyo na manukato, tukasuuza mara tatu. Tulianika juu ya paa, mbali na macho, kwenye kona ambayo majirani wengine hawaitumii. Mama yangu alikuwa ameshapiga simu kutoka Bungoma kutukumbusha pasi: kila kipande, ndani na nje, hasa kwenye mishono, kwa sababu kuna nzi wanaotaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa nje, na funza wake huingia kwenye ngozi. Joto la pasi huyaua mayai hayo. Nilipiga pasi mimi. Shati la mtu mzima huchukua dakika chache. Vesti yenye ukubwa wa kiganja inataka subira, lazima uingize ncha ya pasi kwenye kimkono na kuitoa bila kuunguza utepe. Nilipomaliza nilizihesabu tena bila sababu yoyote, kwa raha tu ya kuzigusa.

Mama mkwe alikuja kututembelea mwezi wa Mei. Hakuuliza chochote kuhusu maandalizi, nasi hatukusema. Tulikula, tulikwenda kanisani, tukarudi. Jioni, kiondo chake kikiwa tayari mlangoni na gari la Machakos likimngoja, alirudi akaketi kwenye ukingo wa kitanda chetu. "Leteni hilo sanduku."

Nililivuta. Alilifungua mwenyewe. Akatoa nguo moja moja, akaikung'uta, akaiweka mapajani na kuikunja upya kwa namna yake, mikono ikiingia ndani, ubavu kwa ubavu, hadi kila moja ikawa mraba mdogo. Hakuna aliyesema neno. Zile soksi za njano alizishika kwa muda mrefu zaidi. Zilipokwisha zote, akaingiza mkono kwenye kiondo akatoa jozi ya leso mpya, bado zina ugumu wa dukani, akazilaza juu. "Moja ya kumpokelea, moja ya kumbebea," akasema. Kisha akafunga sanduku. "Sasa lirudisheni." Alipokwisha kuondoka, mke wangu alilia kidogo, akacheka, akasema ana njaa. Nikawasha jiko.

Kitanda cha mtoto bado kiko kwa fundi, karibu na soko la Mutindwa, na huko kitakaa hadi wiki ya mwisho. Hiyo ni sehemu ya mapatano. Lakini nimepita pale jioni nyingi kukitazama kikikua. Ni cha mti wa saipresi, na harufu yake unaipata ukiwa bado ng'ambo ya barabara. Mke wangu alikuwa amesoma kwamba nafasi kati ya fito za pembeni isizidi sentimita 6, ili mwili wa mtoto usipite na kichwa kikanaswa, na kwamba kopo la soda likipita kati ya fito mbili basi nafasi ni kubwa mno. Nilimpelekea fundi maneno hayo nikihofia ataona namfundisha kazi. Aliweka randa chini, akafikiri, akachukua kipande cha mbao, akapima, akakikata sentimita 6 kamili. Tangu hapo kila ufito anaougongea, anaweka kwanza kile kipande kati yake na mwenzake. Pembe zote amezipiga msasa hadi zikawa za duara. Alitaka kuongeza sponji pembeni na kamto kadogo kama zawadi. Nikamweleza kwamba mtoto mchanga hulazwa chali, kwenye godoro gumu lililojaa kitanda sawasawa, bila mto wala vitu laini karibu na uso. Alisema wanawe wote walilala na mto. Kesho yake nikamkuta anamweleza mteja mwingine, kwa mkazo kuliko mimi, kwamba mtoto mchanga hahitaji mto.

Usiku ndio wakati wa maneno. Mke wangu ni Mkamba, mimi ni Mbukusu, nyumbani tunazungumza Kiswahili, na watoto wengi wa mtaa huu wamekua na Kiswahili na Kiingereza tu. Sisi tunataka wetu awe na zaidi, na tumeanza sasa. Yeye humsalimia kwa Kikamba akimpaka mafuta tumboni. Mimi humsimulia siku yangu kwa Lubukusu: lori lililochelewa, mvua ya Industrial Area, nani alikosana na nani. Mwanzoni niliona haya kidogo kusema na tumbo. Ndipo mke wangu akanisomea kuhusu watafiti wawili, DeCasper na Fifer, waliochapisha utafiti wao katika jarida la Science mwaka 1980. Waliwapa watoto wachanga, wa siku chache tu, chuchu ya kunyonya iliyounganishwa na kinasa sauti, na watoto wakabadilisha namna ya kunyonya ili waisikie sauti ya mama yao badala ya sauti ya mwanamke mwingine. Mtoto huzaliwa akiwa tayari anaijua sauti ya mama yake. Sauti ya baba humfikia kwa shida zaidi, kutoka nje, kwa hiyo mimi nazungumza karibu na kwa sauti nzito, na simulizi haziishi.

Majina bado hatujakubaliana, na wala hatuna haraka. Hatujauliza kama ni msichana au mvulana. Karatasi iko kwenye mlango wa friji, upande wake na upande wangu. Kwetu mtoto huweza kupewa jina la majira aliyozaliwa: Nafula au Wafula wakati wa mvua, Nekesa au Wekesa wakati wa mavuno, Nasimiyu au Simiyu wakati wa kiangazi. Kwao pia saa na hali ya hewa huingia kwenye jina: Kioko wa asubuhi, Mutuku wa usiku, Wambua na Mumbua wa mvua. Julai Nairobi haina mvua ya kutaja, ina mawingu na manyunyu na baridi tu, kwa hiyo majira hayatatusaidia sana. Baba yangu amepiga simu kukumbusha jina la baba yake. Mama mkwe hajasema lolote, jambo ambalo mke wangu anasema ndilo la kuangaliwa. Kwa sasa tunamwita Mgeni. Wanafunzi wa Gredi ya 4 nao wameanza kumwita hivyo.

Kuna mambo ya karatasi pia, na hayo nitayapita haraka. Tumejisajili SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na asilimia 2.75 ya mshahara wangu inakwenda huko kila mwezi. Begi la hospitali liko tayari: kitambulisho, kijitabu, pamba, pedi, sabuni, nepi, zile leso mbili, na themosi ambayo bado hatujainunua. Kinachonikaa moyoni zaidi ni likizo. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama miezi mitatu yenye mshahara kamili, na baba wiki mbili. Naziona chache. Lakini mume wa mama wa orofa ya pili anaendesha bodaboda, na mtoto wao alipozaliwa alirudi barabarani kesho yake, kwa sababu hakuna sheria inayomlipa mwenye pikipiki akae nyumbani. Alinisimulia hayo akishikilia reli ya ngazi, akasema, "Wewe uliyepewa, zitumie zote." Ninakusudia kuzitumia zote, na nyumbani, si mahali pengine. Ningependa kila baba aliyeajiriwa afanye vivyo hivyo, na ningependa zaidi serikali iwafikirie wale wasioajiriwa.

Wiki hizo mbili zimeshapangwa. Kufua ni mimi, uji ni mimi, wageni nitawapokea mlangoni na kuwaomba wanawe mikono kabla ya kumgusa mtoto, wakubwa kwa wadogo. Usiku tutagawana: yeye ananyonyesha, mimi nabadilisha nepi na kumcheulisha. Mama wa orofa ya pili, ambaye kwao ni Kiambu, ameahidi sufuria ya njahi, yale maharagwe meusi, siku ya tatu, maana kwao mzazi hawezi kurudi nyumbani bila njahi. Mama mkwe atakaa nasi mwezi wa kwanza. Mama yangu naye atapanda basi la usiku kutoka Bungoma punde akisikia habari, na kuku wa kienyeji watatu kwenye katoni iliyotobolewa matundu. Ameshawatenga na wenzao, anawalisha mahindi. Alipopiga simu jana alinieleza mgawanyo: wawili ni wa supu ya mzazi, na wa tatu ni wangu na wake, tutamla sisi wawili jikoni wakati wao wamelala.